Simu Ikiuliza: Nifomati?

Kuna swali ambalo kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, humuuliza mwenye nacho, na jibu lake la haraka huweza kufuta kumbukumbu za miaka. Kijana aliyeko Bariadi mjini ameijaza memori kadi kwenye simu janja yake: nyimbo za Kisukuma, kwaya ya kanisani, picha za mazishi ya babu, na sauti ya babu mwenyewe akisimulia alivyohama na ng'ombe wake. Kadi inatumwa Kalemela kwa mama. Mama anafungua kifuniko cha kitochi, anatoa betri, anaisukuma kadi mpaka inagota, anarudisha betri na kuwasha. Kioo kinaandika maneno machache, mara nyingi kwa Kiingereza, kwamba kadi haijafomatiwa, nifomati? Kushoto ni ndiyo, kulia ni hapana. Kidole kinakwenda kushoto, kwa sababu siku zote kitufe cha kushoto ndicho kinachofungua mambo. Sekunde chache baadaye kadi inasomeka vizuri kabisa, na ndani yake hamna kitu.

Nataka tukubaliane kwanza kwamba hapo hakuna kilichokuwa kibovu. Kadi ilikuwa nzima, kitochi kizima, na kijana aliyeijaza hakukosea kunakili. Kilichokosekana ni lugha moja kati ya kadi na simu. Lugha hiyo ndiyo mafundi wanayoiita mfumo wa faili, yaani utaratibu ambao kadi imepangiwa ili mafaili yakae mahali pake na yaweze kupatikana tena. Hoja yangu ya leo ni kwamba kadi inayotembea kutoka kifaa hadi kifaa inapaswa kufomatiwa kwa mfumo unaoeleweka na kifaa duni kuliko vyote itakavyopitia. Kwa kadi zinazozunguka Kalemela, Bariadi na kwingineko mkoani Simiyu, mfumo huo bado ni ule wa zamani uitwao FAT32. Najua wapo watakaosema ninarudisha watu nyuma. Nitawajibu, maana baadhi ya hoja zao ni nzito.

Ili tuelewane, fikiria ghala la pamba la chama cha ushirika cha msingi wakati wa msimu. Sakafu imechorwa vyumba vinavyolingana, kila kimoja na namba yake, na karani ana daftari. Pamba ya mkulima mmoja inaanzia chumba cha 12. Daftari linasema ukimaliza cha 12 nenda cha 13, ukimaliza cha 13 rukia cha 40, na hapo ndipo mwisho. Memori kadi inafanya kazi vivyo hivyo. Wimbo hukatwa vipande, vipande huwekwa kwenye vyumba vilivyo wazi, na daftari hueleza kipande kipi kinafuata kipi. Herufi za FAT ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya jedwali la kuyagawia mafaili nafasi, yaani daftari lenyewe. Na kufomati, kwa namna ambayo simu nyingi hufanya, ni kuondoa daftari lililojaa na kuweka jipya lisiloandikwa kitu. Pamba bado iko sakafuni, lakini hakuna ajuaye ni ya nani wala inaanzia wapi, na mzigo mpya ukija utatupwa juu yake.

Sasa karani aliyezoea daftari la aina moja akikabidhiwa la aina nyingine, lenye safu tofauti na alama tofauti, ataona mikwaruzo tu. Mtu angeuliza. Kitochi hakiulizi hivyo. Kimefundishwa kwamba daftari kisilolielewa ni daftari lililoharibika, na dawa yake ni kuandika jipya. Hapo ndipo kutoelewana kunapovaa nguo za ubovu. Wangapi wameambiwa kibandani kwamba kadi yao imekufa, wakanunua nyingine, kumbe ile ya kwanza ilihitaji tu kuchomekwa kwenye simu inayoijua?

Tofauti hii ya madaftari ina historia, na inafaa kuijua kwa sababu inaeleza kwa nini redio ya sokoni ina mipaka iliyo nayo. Mfumo wa FAT ulizaliwa katika kampuni ya Microsoft mwaka 1977, ukaongezwa uwezo hatua kwa hatua, na FAT32 ikaja mwaka 1996 pamoja na toleo lililoboreshwa la Windows 95. Mwaka 1999 kampuni tatu, Matsushita yenye chapa ya Panasonic, SanDisk na Toshiba, zilitangaza kadi ya SD, na mwaka uliofuata zikaanzisha chama cha kusimamia viwango vyake. Chama hicho ndicho kilichoamua kadi za ukubwa gani zitoke kiwandani na mfumo gani. Kwa kiwango cha mwaka 2006, kadi za zaidi ya GB 2 hadi GB 32 hutumia FAT32. Kwa kiwango cha mwaka 2009, kadi za zaidi ya GB 32 hadi TB 2 hutumia mfumo mpya uitwao exFAT. Ukiitazama kadi kwa karibu, hata ile ndogo kama ukucha, utaona kando ya neno microSD herufi mbili zilizobanana: HC au XC. HC ni ile ya FAT32, XC ni ile ya exFAT. Herufi hizo mbili zina habari muhimu kwa mama wa Kalemela kuliko namba kubwa ya GB iliyochapwa katikati, na hakuna muuzaji anayemwonyesha.

Kwa nini basi vifaa vya bei nafuu havikujifunza exFAT? Sababu kubwa ni fedha na haki miliki. Mfumo huo ulitolewa na Microsoft mwaka 2006, na kwa miaka mingi aliyetaka kuutumia kwenye kifaa chake alipaswa kuilipia leseni. Kwamba Microsoft haikuwa na mzaha katika mambo haya, ilionekana mwaka 2009 ilipoishtaki TomTom, kampuni ya Uholanzi ya vifaa vya kuonyesha njia kwenye magari. Baadhi ya madai yalihusu hata FAT ya zamani, kuhusu namna ya kuandika majina marefu ya mafaili, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano. Mtengenezaji wa sabufa anayehesabu senti katika kila kipuri alikuwa na kila sababu ya kuukwepa mfumo wa kulipia. Tarehe 28 Agosti 2019 Microsoft ilichapisha maelezo ya exFAT na kuruhusu itumike kwenye Linux, na kuanzia hapo njia ikafunguka kwa simu janja nyingi. Lakini sabufa iliyonunuliwa kabla ya hapo haipokei masasisho, wala redio iliyofungwa kwenye bodaboda, wala kitochi. Vilichozaliwa nacho ndicho vitakachokufa nacho.

Na kwa Simiyu vifaa hivyo ndivyo safari yenyewe ya kadi. Fedha za pamba zikitoka, wengi hununua sabufa na paneli ya sola, na kadi huanza kuzunguka. Asubuhi iko kwenye kitochi shambani, mchana kwenye redio ya bodaboda kuelekea mnadani, jioni kwenye sabufa dukani, Jumamosi kwenye kompyuta ya kijana anayeingiza nyimbo, na harusi ikitokea inaazimwa na jirani. Kadi ya namna hiyo haina nyumba moja. Ukichagua mfumo wake kwa kuangalia simu janja ya mjini, umechagua kwa kumtazama msafiri mmoja na kuwasahau wenyeji wanne wanaompokea njiani.

Hoja ya kwanza ya kunipinga ni ya wapiga video, nami naiheshimu. FAT32 haiwezi kubeba faili moja linalofikia GB 4. Sababu yake ni rahisi: katika daftari, safu ya kuandikia uzito wa faili ina nafasi 32 tu za sifuri au moja, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuingia hapo ni baiti 4,294,967,295. Kamera inayoandika megabiti 17 kwa sekunde hufika hapo baada ya nusu saa na ushei. Mpiga video aliyesimama uwanjani wakati wa mashindano ya ngoma, baada ya mavuno, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, hafanyi kazi ya nusu saa, anashinda pale. Kamera nyingi zinazotumia FAT32 hukata video zenyewe na kuanza faili jingine, na vipande huunganishwa baadaye, lakini huo ni usumbufu wa kweli na sitamwambia mtu auvumilie bila sababu. Kadi ya kamera na iwe exFAT. Kadi hiyo haitembei. Inatoka kwenye kamera, inaingia kwenye kompyuta, inarudi kwenye kamera. Lakini kazi inapokabidhiwa kwa mwenye harusi anayetaka kuitazama kwenye kifaa chake cha nyumbani, hiyo ni kadi nyingine, video ipunguzwe uzito na kukatwa sehemu, na kadi iwe FAT32. Kosa ninaloliona ni kumpa mteja kadi ya kamera ilivyo, kisha kumlaumu kwamba vifaa vyake vimepitwa na wakati.

Kwa asiyepiga video, mpaka huo wa GB 4 haumgusi hata kidogo. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 1 kwa dakika. Ili wimbo mmoja uvunje mpaka wa FAT32, ungepaswa kuimbwa zaidi ya saa 70 bila kupumzika. Kadi ya GB 8 inabeba nyimbo zipatazo 2000 za dakika nne nne. Mtu anayeuziwa kadi ya GB 128 ili asikilize muziki kwenye kitochi anauziwa nafasi asiyoihitaji pamoja na mfumo usioeleweka na simu yake.

Hoja ya pili husema kipya ni salama zaidi. Hapa inabidi kwenda polepole, kwa sababu usalama wa data una sura nyingi. Kadi ikichomolewa wakati inaandikwa, au betri ikizima katikati, daftari linaweza kubaki limeandikwa nusu. Ipo mifumo yenye kinga dhidi ya hilo: NTFS ya Windows, iliyoanza mwaka 1993, na ext4 ya Linux huandika kwanza kumbukumbu ya mabadiliko yanayotaka kufanyika, ili umeme ukirudi kazi iliyokatika iweze kunyooshwa. FAT32 haina kinga hiyo. Lakini exFAT nayo haina. Tena FAT32 kwa kawaida hutunza nakala mbili za daftari lake, na exFAT kwa kawaida hutunza moja. Sisemi nakala ya pili ni mwarobaini. Kifaa kikiandika uongo kwenye daftari la kwanza mara nyingi hunakili uongo huohuo kwenye la pili. Ninachosema ni kwamba anayehama kutoka FAT32 kwenda exFAT kwa ajili ya usalama wa kuchomoa hovyo, hajapata alichokifuata. Na anayefomati kwa NTFS kwa sababu ya ile kinga amepata kadi yenye mlango imara ambao vitochi vya kawaida na redio za barabarani hazina ufunguo wake.

Wengine hushangaa kwamba kompyuta yenyewe, ukiiomba ifomati kadi ya GB 64, haikupi FAT32 katika orodha, wakaamini kwamba FAT32 haiwezi kupita GB 32. Si kweli. Mfumo wenyewe unafika TB 2. Mpaka wa GB 32 uliwekwa kwenye dirisha la kufomati la Windows katikati ya miaka ya 1990, na Dave Plummer, mhandisi aliyeliandika alipokuwa Microsoft, ameeleza hadharani kwamba aliuchagua mwenyewe, akidhani dirisha hilo ni la muda tu. Likakaa karibu miaka 30. Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza, kwenye toleo la majaribio la Windows 11, kwamba amri ya kufomati inayoandikwa kwa kibodi itaifikisha FAT32 hadi TB 2. Watu wa dunia nzima wameishi ndani ya uamuzi wa mtu mmoja wakidhani ni sheria ya maumbile. Hata hivyo, sishauri mtu anunue kadi ya GB 64 ili aibadilishe iwe FAT32 kwa ajili ya kitochi. Mara nyingi inafanya kazi, lakini kama boksi la simu limeandikwa hadi GB 32, kadi ya GB 16 au 32 yenye herufi HC ni salama zaidi, ina nafasi tele, na inatoka kiwandani tayari na mfumo unaohitajika.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wanaosifu exFAT hawalitaji. Kumbuka vile vyumba vya ghalani. Kila faili, hata likiwa dogo namna gani, hupewa angalau chumba kimoja, na haliruhusiwi kukaa na wengine. Kwa kawaida, ikifomatiwa na Windows, kadi ya exFAT ya GB 64 ina vyumba vya KB 128. Kwa njia hiyohiyo, kadi ya FAT32 ya GB 32 ina vya KB 16. Chukua mafaili 10,000 ya KB 5 kila moja, tuseme vijipicha na maandishi mafupi. Mzigo halisi ni kama MB 50. Kwenye FAT32 utakalia takriban MB 160, na kwenye exFAT zaidi ya GB 1.2. Kwa nyimbo na video tofauti hii si kitu, lakini kwa mwalimu anayehifadhi maelfu ya kurasa ndogo, au karani wa chama mwenye picha za stakabadhi, ni nafasi iliyopotea.

Nisiiache simu janja ikadhani haihusiki. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu hukupa nafasi ya kuifanya kadi iwe sehemu ya ndani ya simu. Ni kishawishi kikubwa kwa mwenye simu ya GB 8 iliyojaa. Lakini ukikubali, kadi inafomatiwa upya na kufungwa kwa siri ambayo ufunguo wake uko ndani ya simu hiyo peke yake. Simu ikizama ziwani, au ikiibwa na kadi ikasalimika kwa bahati, hakuna kompyuta itakayoisoma. Programu na ziwekwe huko kama hapana budi. Picha za familia, hapana.

Na wale wasemao kadi zenyewe zinakufa, kila kitu kitakuwa mtandaoni, nawaomba wahesabu bei ya bando kwa mwezi kwa mtu anayesikiliza muziki kutwa nzima shambani, kisha waweke pembeni bei ya kuingiziwa nyimbo mara moja. Wimbo ulioko kwenye kadi haudai salio wala mnara. Kadi itakuwepo kwa muda, na maadamu ipo, ipangwe vizuri.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kibandani, kwa vijana wanaoingiza nyimbo, ambao kwa kweli ndio maktaba za muziki wa huku. Mteja akija na kusema, "Mdogo wangu, niwekee za ngoma na za injili," swali la kwanza liwe: "Dada, utazipigia kwenye nini?" Akitaja kitochi au sabufa, kijana aangalie kwanza mfumo wa kadi kabla ya kunakili hata wimbo mmoja. Ikiwa ni exFAT na ina vitu, avihamishe kwenye kompyuta mbele ya macho ya mwenyewe, ndipo afomati, ndipo avirudishe. Kama kifaa kina uwezo wa kufomati chenyewe, ni vizuri zaidi kadi ifomatiwe humohumo itakamotumika, maana kifaa hakiwezi kushindwa kusoma daftari lililoandikwa kwa mkono wake. Pia aipime kadi mpya kwa kuijaza mpaka mwisho na kuupiga wimbo wa mwisho kabisa, kwa sababu kadi feki hujitangaza kuwa na GB 64 huku ina GB 8, na hakuna kufomati kunakoongeza sakafu ya ghala ambayo haipo.

Na kama swali limeshaulizwa, na kidole kimeshabonyeza kushoto, usilie bado na usijaribu tena. Toa kadi. Usiingize wimbo hata mmoja, usipige picha hata moja, maana mara nyingi kilichobadilishwa ni daftari tu, na sauti ya babu bado imelala sakafuni palepale ilipokuwa. Ziko programu za bure, kama PhotoRec, zinazopita chumba kwa chumba zikitambua picha na sauti bila kulitegemea daftari. Majina ya mafaili hupotea, na faili lililokuwa limetawanyika vyumba mbalimbali huweza kurudi pungufu, lakini mengi hurudi. Ifunge kadi kwenye kipande cha karatasi, andika juu yake "isitumike", mpe mtu mwaminifu anayekwenda Bariadi, na umwelekeze kwa fundi mwenye kompyuta.